Umeyatoa Wapi?

Swali hili lina maneno mawili tu, nalo huulizwa usiku, watoto wakishalala. Huulizwa kwa sauti ya chini, kwani kuta za udongo na makuti za vijiji vya delta ya Rufiji hazizuii neno, na jirani wa Kiomboni au Mbwera husikia hata kikohozi. Anayeulizwa ni mume au mke aliyerudi kutoka Kibiti mjini, au Mchukwi, au Utete, ambako alikwenda kumtolea damu jamaa yake aliyelazwa. Damu yake ikapimwa, kama inavyopimwa damu ya kuchangia nchini Tanzania, kwa maradhi manne: virusi vya ukimwi, kaswende, homa ya ini aina ya B na homa ya ini aina ya C. Akaelezwa kwa upole kwamba damu yake haitatumika, na kwamba kipimo kimeonyesha alama ya hiyo ya mwisho. Alitoka nyumbani kwenda kuokoa roho ya mtu. Amerudi na siri.

Je, amwambie mwenziwe anayelala naye? Na akiambiwa, yule mwenzi ana haki ya kuuliza swali lile la maneno mawili?

Huenda msomaji wa Unguja akaona kuwa hayo ni mambo ya mbali, ya watu wa mikokoni. Lakini boriti zinazobeba dari za nyumba za Mji Mkongwe, nyingi zilikatwa huko, katika msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki, zikaletwa na majahazi ya msimu. Anayelala chini ya dari la boriti amelala chini ya miti ya Rufiji. Wala ndoa ya Nyamisati haina siri ambayo ndoa ya Malindi au Wete haiijui.

Mswahili hakumngoja daktari amfundishe thamani ya ini. Lugha yake ilikwisha kulipa cheo tangu zamani. Maneno makali huyaita maneno ya kukata maini. Hayasemi kuwa yanakata ngozi wala mfupa, kwani huko ndani, kwenye ini, ndiko anakohesabu kuwa mtu huumia kwelikweli. Washairi wa mwambao wameliweka ini pamoja na moyo na nyongo katika viungo vya mahaba na machungu. Kwa hiyo maradhi ya ini, hata kabla ya kujulikana sababu yake, yaliingia katika masikio ya watu yakiwa tayari na harufu ya mapenzi na usaliti. Pengine hiyo ni sababu mojawapo ya kuwa, mtu akisikia “homa ya ini”, fikra zake hukimbilia kitandani.

Jina lenyewe linapotosha. Homa hii aghalabu haina joto. Mtu huweza kukaa nayo miaka ishirini akivua kamba, akilima mpunga, akilinda shamba juu ya dungu usiku kucha, asijue kitu. Katika kila watu kumi walioambukizwa, watatu hivi huondokewa na virusi wenyewe katika miezi sita ya mwanzo, bila ya dawa. Waliobaki huendelea kuwa navyo, na baadhi yao, baada ya miaka mingi, ini huwa kovu tupu au huota saratani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa wakiishi na aina hii ya C, na wengi wao walikuwa hawajijui.

Kisha kuna mkanganyiko wa herufi. Aina ya A na ya E huja kwa chakula na maji machafu. Aina ya B hupita kwa damu, kwa uzazi, na kwa tendo la ndoa waziwazi. Ndiyo iliyoenea zaidi katika Afrika Mashariki, na ndiyo ambayo watoto wa Tanzania huchanjwa tangu mwaka 2002. Aina ya C haina chanjo, na njia yake kuu ni damu kukutana na damu. Mhubiri wa redioni anaposema “homa ya ini huambukizwa kwa kujamiiana” husema kweli juu ya B. Msikilizaji huichukua kweli hiyo akaibandika kwa mwenye C, naye aliyebandikwa hana la kujitetea, kwa sababu herufi mbili za alfabeti hazikuwahi kuangusha tuhuma ya zinaa.

Ni muhimu kujua kiasi. Mwaka 2013 ilitangazwa tafiti iliyofanywa California juu ya jozi 500 za mume na mke, au wake na waume waliokaa pamoja miaka mingi, ambao mmoja wao alikuwa na virusi vya C na hakuwa na vya ukimwi. Jozi tatu tu ndizo zilizokutwa na virusi vya nasaba moja. Watafiti walipopiga hesabu kwa upande wa juu kabisa, wakichukulia kuwa hizo tatu zote ziliambukizana kitandani, walipata kuwa hatari haizidi wanandoa saba katika kila 10,000 kwa mwaka. Yaani tendo moja katika matendo 190,000 hivi. Hatari hiyo hupanda panapokuwa na damu au vidonda, na kwa mwenye virusi vya ukimwi pamoja navyo. Kwa mume na mke wa kawaida, waliotulia, madaktari hawawaamrishi kubadili chochote katika faragha yao. Huwaambia tu wasichangie wembe, mswaki, wala kitu chochote kinachoweza kubeba damu.

Basi hatari ya nyumba hiyo haiko kitandani. Iko juu ya ubao wa dirisha, pale ulipowekwa wembe mmoja ambao mume hunyolea ndevu, mke hukatia kucha za watoto, na bibi, akija kutoka Salale, huchanjia chale. Nyumba inatazama mlango wa chumba cha kulala ilhali mwizi ameingilia dirishani.

Hapa swali la “umeyatoa wapi?” linaanza kutikisika. Linadai mahali, na anayeuliza anatarajia jina la mtu. Lakini mwenye maradhi haya, akirudi nyuma katika maisha yake kwa uaminifu wote, atakuta milango mingi, na hakuna hata mmoja unaokiri. Kuna kisu cha ngariba kilichopita kwa wavulana wa jando zima siku moja. Kuna chale za kinga, mganga mmoja, wembe mmoja, ukoo mzima umekaa mkekani. Kuna chuku na kuumika, ambako leo kumepata jina jipya na vyumba vya kulipia mijini. Kuna kinyozi. Kuna sindano za kioo za zamani, zilizochemshwa au zilizosemwa kuwa zimechemshwa, katika enzi ambayo mgonjwa hakujiona ametibiwa mpaka adungwe. Na mapenzi hayo ya sindano ni ya siku nyingi, kwani Tanganyika ya miaka ya 1920 tayari ilikuwa ikipanga foleni kudungwa dhidi ya buba. Ni kweli kuwa siku hizi wako pia vijana wanaojidunga unga mijini, na kuwa ni miongoni mwao maradhi haya yameshamiri zaidi. Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011 ilianzishwa kwa ajili ya watu kama hao. Lakini kwa kuwa habari hiyo imesikika, mvuvi wa miaka hamsini aliyekutwa na C huchaguliwa moja kati ya aibu mbili, uzinzi au uteja, kana kwamba hakuna ya tatu.

Mfano wa Misri unafaa kuzingatiwa, hasa na watu wa pwani wanaokijua kichocho. Tangu miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980 serikali ya huko iliwatibu mamilioni ya wanavijiji wa mto Nile kwa sindano dhidi ya kichocho. Nia ilikuwa njema na dawa ilikuwa dawa. Sindano zilirudiwa. Kizazi kimoja baadaye Misri ilionekana kuwa na homa ya ini ya C kuliko karibu nchi yoyote duniani, na waliougua walikuwa wakulima waliofuata amri ya bwana afya. Fikiri mke wa mkulima huyo akimuuliza swali la usiku. Ajibu nini? Kwamba aliyatoa kwenye foleni, akiwa mtoto, mkono umenyooshwa, mwalimu akihesabu majina?

Na virusi hivi vilitambuliwa mwaka 1989 tu. Waliohusika na ugunduzi huo, Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Kabla ya 1989 hapakuwa na hospitali yoyote duniani iliyoweza kuipima damu kwa maradhi haya. Tanzania ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama mwaka 2004. Ni nani waliokuwa wakiongezewa damu zaidi katika hospitali za Afrika Mashariki? Ni watoto waliokaushwa na malaria, na wanawake waliotokwa na damu katika uzazi. Basi pana mke huko delta aliyejifungua usiku, maji yamekupwa, mashua imekwama topeni, akafikishwa hospitali hajitambui, akaongezewa damu ya shemeji yake, akapona yeye na mwana. Miaka thelathini baadaye anapimwa, anakutwa nayo. Mume anauliza: umeyatoa wapi? Jibu, kama lingeweza kujulikana, huenda limelala chumba cha pili na limeshakuwa na ndevu.

Kwa mwanamke, mambo ni mazito zaidi. Mume akikutwa na maradhi, huulizwa, hununiwa, husamehewa au huachwa kama alivyo. Mke akikutwa nayo, swali mara nyingi huja na talaka, au na kurudishwa kwa wazazi “mpaka apone”, safari ambayo haina tarehe ya kurudi. Mwenye kuhimiza ukweli usemwe kwa gharama yoyote aangalie kwanza ni nani analipa gharama hiyo.

Ndipo huinuka hoja ya sitara. Wenye hoja hii si watu wabaya. Wanasema: hatari ni tendo moja katika 190,000, fedheha ni ya yakini. Mtu amefunzwa kusitiri aibu ya mwenziwe, itakuwaje alazimishwe kuianika yake? Akae kimya, anunue wembe wake, aende Dar es Salaam kimyakimya kutafuta dawa. Hoja hii imepata nguvu mpya tangu 2013, zilipotoka dawa za vidonge zinazoponya zaidi ya watu 95 katika kila 100 kwa muda wa wiki 8 hadi 12. Mwanzoni kidonge kimoja kiliuzwa Marekani kwa dola 1,000. Misri ilipotengeneza dawa zake yenyewe, tiba nzima ikashuka chini ya dola 100, na katika miezi michache ya 2018 na 2019 nchi hiyo ilipima watu wapatao milioni 50. Maradhi yaliyokuwa ya kufa nayo yamekuwa ya kupona. Ya nini basi kuivuruga nyumba kwa jambo la wiki kumi na mbili?

Hoja hiyo ni nzito, lakini ina tundu. Siri ndani ya nyumba haikai peke yake. Wembe mpya lazima uelezwe. Safari za Mbagala na kurudi lazima zielezwe, na nauli yake, na chupa ya vidonge chini ya godoro. Kila kimoja kinataka uongo wake, na mwongo wa mambo madogo ndiye mtu anayefanana zaidi na mzinzi. Anayeficha ili asishukiwe anaishi kama mshukiwa. La pili ni kubwa zaidi: kama wembe ulichangiwa kwa miaka ishirini, basi mwenzi naye huenda ameguswa, na watoto pia. Hawataweza kupimwa kwa jambo wasilolijua. Aliyepona hakupata kinga. Huambukizwa upya kama mtu mwingine yeyote, na wembe wa pale dirishani hauna habari kuwa mtu amekunywa dawa. Kimya kinachomlinda mmoja dhidi ya maneno kinamwacha wa pili na maradhi yenyewe.

Sheria haisaidii sana. Sheria ya Ukimwi ya Tanzania Bara ya mwaka 2008 humtaka ajuaye kuwa ana virusi vya ukimwi amwarifu mara moja mwenzi wake. Inahusu ukimwi, wala haikuandikwa kwa homa ya ini. Vitabu vya fikihi ya Kishafii, vilivyosomeshwa misikitini mwambao mzima, vina jambo la kutafakari zaidi. Miongoni mwa aibu zinazompa mwanandoa haki ya kuomba ndoa ivunjwe, vinataja wazimu, ukoma na mbalanga. Wazimu na mbalanga haviambukizi. Basi wanazuoni hawakupima haki ya kujua kwa hatari ya kuambukizwa peke yake. Waliangalia pia moyo wa mtu na kile anachoombwa akivumilie maishani. Mwenye kufuata njia yao hawezi kusema “hatari ni ndogo, kwa hiyo hakuna la kuambizana”. Lakini hawezi vilevile kuitumia njia hiyo kuhalalisha chuki iliyozaliwa na ujinga, kwa kuwa mbalanga huonekana kwa macho na mtu huichukia kwa alichokiona, ambapo mwenye C huchukiwa kwa alichozuliwa.

Hivyo wajibu wa kusema upo. Lakini ni wajibu wenye kipimo. Kwanza, lijulikane linalosemwa. Kipimo cha benki ya damu hutafuta alama ya kinga mwilini, na alama hiyo hubaki hata kwa mtu ambaye virusi vilikwisha kumtoka zamani. Mpaka kifanyike kipimo cha pili, kinachotafuta virusi vyenyewe, na ambacho kwa mtu wa delta mara nyingi ni safari ya Dar es Salaam, hakuna maradhi ya kutangazwa; kuna shaka. Kusubiri kipimo cha pili si kuficha, mradi wembe umeondolewa siku ileile. Na anayesema, aseme pamoja na kiasi chake. “Nina maradhi yanayoambukiza” ni sentensi ya kweli ambayo, ikiachwa hapo, humdanganya msikilizaji, kwa kuwa humwachia ajaze mwenyewe kwa yale aliyoyasikia juu ya ukimwi. Kweli iliyotolewa nusu hufanya kazi ya uongo, hata kama msemaji anajipongeza kuwa amekuwa muwazi.

Na msikilizaji naye anadaiwa. Jambo hili halisemwi vya kutosha. Uzito wote huwekwa juu ya mwenye maradhi: awe jasiri, afungue kinywa. Ni nani aliyemfunza yule mwingine kusikia? Anayedai kuambiwa kila kitu, kisha akaambiwa na akageuza habari kuwa hati ya mashtaka, ameila amana aliyopewa. Amewafunza na wengine wote kijijini kunyamaza. Habari ya talaka moja ya namna hiyo husafiri kwa mtumbwi kutoka kijito hadi kijito, na kila aliyeisikia, siku akirudi hospitali na karatasi mfukoni, ataikumbuka. Haki ya kuambiwa na wajibu wa kusikia kwa haki ni deni moja lenye wadaiwa wawili. Asiyelipa upande wake hana uso wa kuudai wa mwenziwe.

Ichukuliwe nyumba moja tu, karibu na bandari ya Nyamisati, ambako boti za Mafia hungoja maji yajae. Mume amerudi mara ya pili kutoka Dar es Salaam. Kipimo cha pili kimethibitisha. Amekaa barazani mpaka taa zimezimwa. Anamwambia mkewe jina la maradhi na herufi yake, na kwamba ni ya damu, na kwamba kwa mume na mke hatari yake ni kidogo sana ingawa si sifuri, na kwamba hajui yalimwingia lini. Mke ananyamaza kwa muda mrefu. Swali lile la maneno mawili limemfika kooni. Lingekuwa ajabu kama lisingemfika. Nje, maji yanaanza kupanda kati ya mikandaa.

“Baba watoto,” anasema hatimaye, “ule wembe ulionyolea watoto kabla ya Idi uko wapi?”

“Niliutupa chooni tangu siku ile ya kwanza.”

“Na mimi napimwa wapi?”